Pole 23, na hakuna aliyefika

SWALI

Habari mshauri. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka akiba hapa Busia, upande wa Uganda. Tuko 27, wengi ni wa sokoni: mukene (dagaa), nyanya, nguo za mitumba, mahindi. Mwaka 2020, wakati wa korona, mpaka na Kenya ulipobanwa na soko likatawanyika, tulifungua kundi la WhatsApp ili tusipoteane. Likageuka mahali pa kusemea shida. Ada ya shule, mtoto mgonjwa, mume, mwizi, kila kitu. Mwanzoni lilitusaidia sana. Siku hizi sielewi.

Mwezi uliopita gari lililokuwa likileta mukene wa mwenzetu kutoka Majanji liliharibika njiani, mvua ikanyesha, magunia matano yakalowa. Aliandika saa 4 kasoro robo usiku. Nilihesabu: pole 23, na mikono ya kuomba isiyohesabika. Asubuhi nilimkuta sokoni na binti yake aliyevaa sare ya shule, wawili tu, wanatandaza samaki kwenye turubai. Nikamuuliza kama aliona tulivyomwandikia. Akasema, "Nimezisoma zote."

Mwingine aliandika usiku wa manane, "Nimechoka na kila kitu, niombeeni." Tukamwombea. Kesho yake akasema yuko sawa. Sijatulia mpaka leo. Wa tatu alieleza jinsi mumewe anavyompiga, mtu akapiga skrinshoti, habari zikamfikia mume mwenyewe.

Baadhi wanataka kundi libaki la mambo ya hisa na mikopo peke yake. Nifanye nini? Simu yangu hailali, maana kila mtu hunipigia mimi. Mimi mwenyewe nina yangu, lakini katibu hawezi kuwa wa kulia.

Katibu, Busia

JIBU

Dada Katibu, asante kwa kuandika kwa urefu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Mstari wa kwanza niliopiga haukuwa chini ya yale ya mume wala ya skrinshoti, ingawa nitayafikia. Ulikuwa chini ya jibu la mama wa mukene: "Nimezisoma zote."

Hebu turudi kwenye usiku ule. Ni saa 4 kasoro robo, mtu ana magunia matano ya samaki waliolowa. Wewe unaijua biashara hiyo kuliko mimi. Mukene aliyelowa akikaa ndani ya gunia hadi asubuhi hupata joto, huanza kunuka na kuvunjikavunjika, na anayekuja kumnunua ni mtengeneza chakula cha kuku, kwa bei anayoitaka yeye. Akitolewa mapema, akatandazwa mwembamba mahali penye paa na hewa, akawa anageuzwa, sehemu yake huokoka. Kwa hiyo alichohitaji mwenzenu kati ya saa 4 na alfajiri ni turubai mbili tatu, tochi, na mikono. Kundi lina watu 27. Bila shaka wapo wanaoishi mwendo wa miguu kutoka sokoni, na bila shaka mmoja wao ana turubai, maana mama wa sokoni asiye na turubai sijamwona bado. Akapata pole 23.

Siidharau pole. Mtu usiyemjua akijikwaa mbele yako unamwambia pole, na yeye anaipokea kama haki yake. Waganda nao wana "kitalo" yao, na anayefika kwenye msiba asiitamke huonekana hana adabu. Lakini zamani pole ilikuja na mtu. Aliyekuja kukupa pole alikuwa amesimama mlangoni mwako, na akishasimama pale hawezi kuona magunia yanavuja maji akakaa tu na kanga yake begani. Atashika upande mmoja wa gunia hata kama hakupanga. Kwenye simu pole inafika peke yake, mwenyewe kabaki kitandani.

Jambo la pili lililotokea usiku ule ni hesabu. Aliyeandika pole ya kumi aliziona tisa juu yake. Akajiambia, wenzangu wameshamwona, bila shaka kuna aliyekwenda. Wa ishirini naye akafikiri hivyo hivyo. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walilipima jambo hili kwa majaribio: mtu akijua kuwa ni yeye peke yake anayesikia mwenzake akiomba msaada, husaidia upesi, akijua kuna wengine wanasikia, huchelewa, na wengine hawainuki kabisa. Hao hawakuwa watu wabaya. Akina mama wako pia si wabaya wala si wavivu. Hakuna mtu ambaye lile gunia lilikuwa limemwangukia yeye kwa jina.

Na hapa ndipo penye jibu langu lote, mengine ni matawi yake: kundi lako halina upungufu wa huruma, lina upungufu wa zamu.

Watu wa Kigezi, kule kwenye milima ya kusini magharibi, walilijua hili kabla simu hazijafika. Wana vikundi vinavyoitwa engozi, yaani machela. Kwenye vilima vile gari halifiki kila nyumba, na mgonjwa hubebwa mabegani hadi barabarani au hospitali. Kila nyumba ni mwanachama. Ukiitwa kubeba usipotokea bila sababu, unalipa faini. Mabega hupokezana njiani: hawa wakichoka wale wanaingia, machela haiwekwi chini. Hakuna anayemwambia mgonjwa "pole, tuko pamoja nawe" halafu akaendelea kupalilia viazi. Wala hakuna mwanamume mmoja mwenye nguvu anayeachiwa abebe peke yake kila mara kwa sababu ana moyo mzuri. Katika kundi lako, Dada, huyo mwanamume mmoja ni wewe.

Fanyeni hivi. Kila wiki wawe wawili, majina yao yaandikwe pale juu kwenye maelezo ya kundi, kila mtu ayaone. Mkiwa 27, kila mmoja atarudi kwenye zamu baada ya miezi mitatu hivi, na huo si mzigo. Mtu akileta shida, wengine wanaruhusiwa kusema pole kadiri wapendavyo, lakini mwenye zamu ana kazi. Anapiga simu, haandiki. Anauliza swali moja: "Unahitaji nini kabla ya kesho asubuhi?" Halafu anarudi kwenye kundi na mstari mmoja tu: "Nimeongea naye. Zinatakiwa turubai mbili na watu wanne, sasa hivi, nyuma ya soko. Nani anakuja?" Utashangaa tofauti ya majibu. Watu waliokuwa wakituma mikono ya kuomba wataanza kutuma "mimi niko njiani", kwa sababu sasa wameulizwa jambo wanaloweza kulijibu kwa ndiyo au hapana.

Kuna swali ambalo mwenye zamu asilitumie: "Nikusaidie nini?" Linasikika vizuri, lakini mtu aliyechanganyikiwa hajui asaidiwe nini, na mwenye aibu atasema "hakuna, asante." "Kabla ya kesho asubuhi" inamlazimisha afikirie kitu kidogo. Maji. Mtu wa kubaki na watoto usiku. Nauli ya boda hadi kituo cha afya.

Na arudi. Hili wengi hulisahau. Shida ikiwa mpya nyumba hujaa. Wiki ya tatu mtu hubaki na kuta zake. Wazee wetu walilijua, ndiyo maana kuna arobaini kwa Waislamu, na Waganda hawaufungi msiba siku ya mazishi bali hurudi baadaye kwa okwabya olumbe, yaani kuuhitimisha msiba. Mwenye zamu aandike kwenye kitabu, kile kile unachoandikia hisa, tarehe ya kurudi: siku 21 baada ya tukio. Anapita tu dukani kwake. "Nilikuwa napita, nikasema nikuone." Hata kama hakuwa anapita.

Faini iwepo. Najua kuna watakaosema huruma haitozwi faini. Kikundi chenu kinatoza faini anayechelewa mkutano, anayesahau kitabu, na anayepokea simu wakati sanduku limefunguliwa. Huruma nayo ikiwa haimo kwenye katiba ya kikundi, ndiyo huwa ya kwanza kuachwa siku mtu akichoka.

Umesema mwanzoni kundi lilisaidia sana, sasa huelewi. Mimi nadhani naelewa. Mwaka 2020 shida ilikuwa moja kwa wote. Soko, mpaka, na shule, ambazo hapa Uganda hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kifo cha wengi ni harusi: mlipoandika, kila mmoja alikuwa anaeleza shida ya mwenzake pia, na kusikilizana peke yake kulitosha, maana hakuna aliyekuwa na turubai la ziada. Siku hizi shida zinapiga mmoja mmoja. Huyu kapoteza magunia, yule kauza vizuri wiki hiyo hiyo. Anayeandika ana aibu, anayesoma ana shughuli zake. Chombo ni kile kile, kazi imebadilika.

Usiwakubalie wanaotaka kundi libaki la hisa peke yake. Nina sababu, na si maneno matamu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikwenda Masaka na Rakai, sehemu zilizokuwa zimechakazwa na UKIMWI, wakawauliza wanavijiji wenyewe huzuni inayomlemaza mtu wanaiitaje. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda. Moja ni okwekyawa, mtu kujichukia. La pili ni okwekubagiza. Ukijua kwamba okukubagiza ni kumpa pole aliyefiwa, utaona uzito wake: ni mtu anayejipa pole mwenyewe, kwa sababu haoni wa kumpa. Neno hilo sijawahi kulizoea.

Wakaunda vikundi vidogo, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakikutana saa moja na nusu kila wiki kwa wiki 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kule kule waliofundishwa kwa majuma mawili. Walizungumza juu ya vitu vitatu: misiba, ugomvi, na maisha yaliyogeuka ghafla. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mwishoni, kati ya walioketi kwenye vikundi, waliobaki na sonona, ile huzuni inayolemaza, walikuwa chini ya 7 kwa kila 100. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, walikuwa zaidi ya 50 kwa kila 100. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado takwimu hizo hunifanya nivue miwani.

Lakini angalia walivyofanya. Kundi dogo. Siku moja, saa ile ile, watu wale wale. Nyuso zinaonekana. Nyinyi mna kitu hicho tayari na hamkitumii: mkutano wenu wa kila wiki, mnapoketi kuzunguka lile sanduku la kufuli tatu. Kabla washika funguo watatu hawajafungua, toeni nusu saa. Mgawanyike sita sita au saba saba, kila mmoja aseme jambo moja la wiki yake. Simu iwe ya kuitana, mazungumzo yenyewe yawe pale. Najua mvua itanyesha, najua mwenyekiti atasema muda hautoshi. Anzeni na dakika 20.

Sasa maneno yenyewe, maana najua mara nyingine mtu hajui aandike nini. Nitaanza na kosa langu. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, mama aliyefiwa na mtoto aliketi mbele yangu, nikamwambia ajikaze, ana wengine wawili wa kuwalea. Nilidhani nampa nguvu. Alitikisa kichwa, akashukuru, akaondoka. Miaka kadhaa baadaye tulikutana kwenye harusi ya watu, akanikumbusha kwa upole kabisa. "Siku ile uliniambia nihesabu waliobaki," akasema. "Mimi nilikuwa nimekuja kumhesabu aliyekwenda." Sijawahi tena kumwambia aliyefiwa neno "wengine".

Kwa hiyo: usimhesabie mtu alichobaki nacho. Usimwambie Mungu hampi mja mzigo asioweza kuubeba, hata kama unaamini, na hata kama yeye anaamini; hilo atalisema mwenyewe siku akiwa tayari, na siku hiyo itikia amina. Usiseme "mimi yalinikuta makubwa zaidi." Usiulize aliwezaje kupakia mukene kwenye gari bovu. Taja kile alichopoteza kwa jina lake: magunia matano, na si "changamoto" (neno hilo limekuwa kama blanketi la hospitali, linamfunika kila mtu na halimpi joto yeyote). Kisha taja kitu kimoja utakachofanya, na saa utakayokifanya. "Nimesikia kuhusu magunia matano. Nakuja saa 12 na turubai." Inatosha. Haina hata neno pole, na nadhani ingesomwa tofauti na zile 23.

Nije kwa yule wa usiku wa manane.

Hukukosea kutotulia. "Nimechoka na kila kitu" inaweza kuwa uchovu wa siku, na inaweza kuwa mlango wa kitu kingine, na kwa kusoma tu hakuna awezaye kujua, mimi nikiwemo. Ndiyo maana haisomwi tu, inafuatwa. Hata sasa hujachelewa. Nenda kwake leo, peke yako au na mmoja anayempenda, mkae mahali pasipo na masikio. Umwambie, "Usiku ule uliandika umechoka na kila kitu. Nimekuwa nikikufikiria. Ulikuwa unafikiria kujiua?" Tumia neno lenyewe. Watu wetu wanaogopa kwamba kulitaja ni kuliita. Si kweli, anayefikiria kifo mara nyingi hupata nafuu mtu anapolitamka bila kumshangaa, na asiyefikiria atakwambia hapana na mtacheka kidogo.

Akisema ndiyo, usihubiri na usimwapishe. Muulize kama ameshapanga namna au siku. Kama amepanga, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Dawa za shambani na vidonge viondoke nyumbani, vihifadhiwe kwa jirani. Na asubuhi mpelekeni hospitali ya Masafu au Mbale, ambako hospitali ya rufaa ina kitengo cha afya ya akili. Mfuko wenu wa jamii ulitungwa kwa siku kama hiyo, nauli itoke humo bila kusubiri mkutano. Butabika, kule Kampala, watu huitaja kwa kejeli, lakini ni hospitali ya taifa yenye madaktari wa magonjwa haya, na mtu kwenda huko si aibu kuliko kwenda kufungwa plasta mfupa uliovunjika. Kuombeana endeleeni. Mmoja aombe akiwa ameketi kando yake.

Na kuanzia sasa iwe sheria ya kundi: neno la namna hiyo likionekana, saa yoyote, aliyeliona kwanza anapiga simu hapo hapo na kumwamsha mwenye zamu. Asingoje apande mtandaoni.

La skrinshoti ni zito zaidi kwa maana limeshazaa madhara. Kwanza yule mama. Je, yuko salama leo? Mume aliyejua kwamba mambo yake yamesemwa hadharani anaweza kuongeza. Mwendeeni, si kwa kumwandikia, maana huenda simu yake inasomwa. Mkubaliane neno la siri. Kuna akina mama ninaowafahamu ambao mmoja akituma "bei ya sukari ni ngapi leo" wenzake wanajua waje sasa hivi na waje wengi. Sheria ya Uganda dhidi ya ukatili wa nyumbani ipo tangu 2010, na malalamiko yanaweza kuanzia kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) au kwenye kitengo cha polisi cha watoto na familia. Simu ya bure 116, iitwayo Sauti, hupokea habari za watoto wanaoumizwa na za ukatili wa kijinsia. Aamue yeye. Kazi yenu ni kuhakikisha akiamua ana mahali pa kulala na mtu wa kumshikia watoto.

Kuhusu aliyepiga skrinshoti, nadhani kila mtu anamjua. Akiitwa mbele ya kundi zima atatokwa machozi na mtabaki mnambembeleza yeye. Aende akamwombe radhi aliyemuumiza, akiwa na mwenyekiti, na asishike zamu mwaka huu.

Lakini tusidanganyane: kundi la watu 27 halina siri. Si lazima mtu awe na nia mbaya. Wengi wenu mnatuma ujumbe wa sauti, kwa sababu kuandika kunachosha au macho hayaoni vizuri, na ujumbe wa sauti husikilizwa wapi? Juu ya meza ya nyanya, spika wazi, mteja amesimama. Nimewahi kuketi nyuma ya boda dereva akisikiliza mambo ya ndoa ya dada yake sikioni mwa barabara nzima. Kwa hiyo shida yenye mtu wa pili ndani yake, mume, mkwe, mtoto, ugonjwa, isielezwe kwenye kundi hata kidogo. Mwenye nayo aandike maneno matano tu: "Nina jambo, mwenye zamu nipigie." Kundi linajua kuna shida na haliijui shida. Picha za watoto wanaolia au walio wodini zisitumwe kabisa.

Nchi hii ina mfano wake wa hili. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa UKIMWI Januari mwaka huo, na wenzake 15 waliokuwa wameguswa na ugonjwa ule ule, walianza kukutana Kampala kufarijiana. Wakati ule kujulikana una virusi kulimaanisha kupoteza kazi, nyumba, na pengine ndugu. Watu hao wachache waliokuwa wakisikilizana ndio waliozaa TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, ambalo baadaye limehudumia watu wengi mno nchini. Walianza wakiwa 16. Uchache ule uliwawezesha kuaminiana.

Kuhusu pesa nitasema moja tu. Mtu akiomba msaada wa pesa kwenye kundi na kutoa namba ngeni ya kutumia, mpigieni msikie sauti yake kabla mtu hajabonyeza chochote. Simu zinaibwa na majina yanabaki.

Sasa nimebaki na wewe. Kwenye barua yako yenye maneno mia na zaidi, umejitaja kwa sentensi moja, tena ya mwisho, na ukaifunga kwa kufuli: "katibu hawezi kuwa wa kulia." Nani aliiandika hiyo kwenye katiba? Nimewaona wasikilizaji wengi wakianza hivi. Kwanza simu hailali, halafu mwenyewe halali, halafu siku moja mtu anamwambia mtoto wake anaumwa na yeye anajikuta akiwaza, "Na huyu tena." Akifika hapo hujilaumu kuwa amekuwa mkatili. Hajawa mkatili. Amebeba machela bila kubadilisha bega.

Simu yako izimwe saa 4 usiku, wenye zamu wapo. Anayekupigia moja kwa moja mwambie kwa upendo, "Wiki hii ni fulani na fulani, wapigie, nami nitakuona Alhamisi," au siku yoyote ile mnayokutana. Wiki mbili za kwanza watanuna.

Na katika orodha ya zamu jina lako liwe la mwisho kabisa. Wiki ya kwanza weka mweka hazina na yule mama wa mukene, kama atakubali; sidhani kuna mtu kwenye kundi anayejua vizuri kuliko yeye saa 4 kasoro robo inavyokuwa. Wakishakuwa zamuni, jioni ya kwanza watoto wakilala, chukua simu uwaandikie maneno yale matano.

Wakikupigia, pokea.